"Mwenyewe atarudi lini?": Muuza vitabu wa Isiolo na zawadi ya siku tisini

Saa moja na robo asubuhi, Sadiya Hirbo ananusa kitabu. Anakifungua katikati, anakisogeza puani, anakunja uso, kisha anakianika juani pamoja na vingine vitatu. Anachukua cha tano na kufanya vivyo hivyo.

"Hii imelala karibu na beberu," anasema bila kucheka. "Wacha ipigwe na jua kwanza."

Vitabu vyake husafiri kwa lori la mbuzi. Mumewe, Gollo, ni dereva wa lori linalopeleka mifugo Nairobi, na linaporudi bila mzigo hubeba magunia ya vitabu vya mitumba. Wateja wa Isiolo wameshazoea harufu hiyo na wengine humtania kwamba wanaweza kutambua kitabu chake hata taa ikizima.

Sadiya, 44, hutandaza turubai la bluu nje ya duka la Bw Githae la kutoa nakala, hatua chache kutoka sokoni. Siku nzuri huondoka na shilingi mia sita. Siku mbaya huondoka na magunia yake tu.

Mwalimu mmoja wa kike anasimama, anainua riwaya, anaangalia bei iliyoandikwa kwa penseli, kisha anaitoa simu mkobani.

"Mama, hizi si ziko bure kwa simu siku hizi?"

"Bure ya nani?" Sadiya anamuuliza.

"Ya kampuni."

"Hiyo kampuni inakujua?"

"Hapana."

"Sasa mbona ikupee?"

Mwalimu anacheka, anakirudisha kitabu taratibu na kwenda zake. Sadiya hamfuati kwa maneno. Ukikaa naye asubuhi moja utaona kwamba haamini kitu kinachoitwa zawadi, anayekitoa awe mwanasiasa, shirika au duka la simu. Lakini ana sababu ya karibu zaidi. Miezi minne iliyopita, aliyekuwa akigawa vitabu hivyo vya bure alikuwa yeye mwenyewe.

*

Ili kuelewa kilichomuuma, inabidi kwanza kwenda Korbesa, kijiji cha wafugaji upande wa Merti, alikozaliwa.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kiangazi kilimaliza ng'ombe wote wa baba yake. Jirani mmoja aliyebakiwa na mali akawapa ng'ombe wa kijivu wa kukamua. Waborana huita mpango huo dabare. Maziwa ni ya anayekamua, ila ng'ombe na uzao wake hubaki wa mwenyewe. Huwezi kumuuza. Huwezi kumpa mtu mwingine bila ruhusa. Na siku moja mwenyewe atakuja.

"Alikuja baada ya miaka miwili," Sadiya anakumbuka. "Alikunywa chai, akaongea na baba mpaka jua ikapanda. Ndio akasema anaoza kijana yake, anahitaji ng'ombe yake. Baba hakukasirika. Alisema asante. Mimi ndio nililia, nikaenda nyuma ya nyumba nisionekane."

Jirani huyo, anasema, aliwaachia ndama. Hakulazimika. Aliona watoto wamezoea maziwa.

"Tangu hiyo siku mtu akinipa kitu naulizanga: mwenyewe atarudi lini? Si ubaya. Ni kujua tu."

Aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaolewa mjini Isiolo, akafua nguo za watu kwa miaka tisa. Vitabu vilianza kwa bahati. Gollo alirudi siku moja na gunia alilopewa na mwenye ghala Nairobi aliyetaka kulitupa. Sadiya alisoma nusu ya gunia kabla ya kuuza hata kimoja.

Leo anauza mjini, na mara moja kila wiki tatu huenda Merti na sanduku la bati juu ya pikapu ya mizigo. Huko hauzi sana. Hukodisha. Msomaji hulipa shilingi thelathini, hukaa na kitabu wiki tatu, na kabla ya kukirudisha huandika jina lake kwenye karatasi nyeupe ya mwanzo.

Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Msomaji wa kwanza aliandika, wa pili akaona aibu kuacha. Sadiya anatoa riwaya moja iliyochakaa na kuonyesha majina kumi na tisa, yenye wino wa kila rangi. Mmoja ameandika "nimesoma mara mbili". Mwingine ameonya: "usisome kama kuna sufuria kwa moto".

"Hii karatasi ndio duka yangu," anasema. "Mtu wa Merti akiona jina ya jirani, anachukua bila kuuliza bei."

*

Karatasi hiyo ndiyo iliyomvutia Ivy.

Ivy, 26, ni mfanyakazi wa mkataba wa kampuni moja ya uchapishaji ya Nairobi. Mwezi wa pili alifika Isiolo akiwa na bango, miamvuli na riwaya tano za kielektroniki za kugawa bila malipo. Kampuni, kama nyingine nyingi zinazohangaikia wasomaji wapya, ilitaka kuwafikia watu ambao hawajawahi kununua vitabu vyake. Mtu angetoa jina na nambari ya simu, angepokea ujumbe, angeufungua, na kitabu kingeingia.

Aliposikia kuna mama anayekodisha vitabu hadi Merti, alimtafuta. Alipoona ukurasa wa majina alipiga picha.

"Nilishangaa sana," Ivy ameliambia gazeti hili kwa simu. "Sisi tunatumia pesa nyingi kujua nani anasoma nini, na huyu mama yuko nayo kwa karatasi."

Alimpa Sadiya kazi ya kuwa balozi, kwa malipo ya shilingi ishirini kwa kila msomaji atakayejiandikisha. Sadiya alimtazama, akamuuliza swali lake.

"Mwenyewe atarudi lini?"

"Mwenyewe nani, mama?"

"Mwenye kitabu."

"Harudi mtu! Ni zawadi. Ni yenu."

Machale yalimcheza Sadiya, na hafichi hilo. Bw Githae, ambaye duka lake la nakala limeona kila aina ya kampeni ikipita mbele yake, alimwonya pia. "Nilimwambia, mama, kitu ya bure inaandikwa mahali," anasema mfanyabiashara huyo. "Swali ni wapi."

Lakini Sadiya alikuwa na hofu nyingine iliyoshinda hiyo. Vijana walikuwa wanapita mbele ya turubai lake wakiwa wameinamia simu. Alijiona akiachwa nyuma na biashara aliyoijenga kwa miaka kumi na moja. Akakubali.

"Nilisema wacha nisiwe mjinga. Kumbe ujinga ulikuwa hapo tu, unangoja."

*

Mjini Isiolo watu walijiandikisha mbio. Wengi walipakua riwaya zote tano na, kwa hesabu za kampuni, hawakuvuka ukurasa wa sita.

Merti mambo yalikwenda tofauti. Sadiya alifikia kwa mteja wake wa tangu mwanzo, Kabale, mjane wa miaka 58 anayeuza maziwa na chai karibu na mahali malori yanaposhushia mizigo. Wengi humwita Mama Tari, kwa jina la mwanawe mkubwa. Alisoma hadi darasa la sita, na majirani humletea karatasi za dawa za mifugo awasomee. Kama yeye hachukui kitabu, wengine husitasita.

Kabale aliigeuza simu yake mkononi, akauliza, "Hii kitabu ni ya nani?"

"Ya kampuni ya Nairobi."

"Wameniuzia?"

"Hapana."

"Wamenikodisha?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Sadiya anasema alitafuta neno. Kiswahili kilimpa "zawadi", na yeye mwenyewe hakuliamini. Basi akajibu kwa Kiborana kwamba ni kama dabare.

Kabale akaelewa mara moja. Waliokuwa wakinywa chai wakaelewa pia. Siku hiyo watu sitini na watatu wa Merti walitoa majina na nambari zao.

Kwa miezi mitatu wakakitunza kitabu hicho kama inavyotakiwa. Walichukua kimoja kila mtu, riwaya ya muuguzi anayehamishiwa kisiwa cha ziwani na kukuta kaburi lenye jina lake mwenyewe. Walikisoma polepole. Hawakumtumia mtu mwingine, kwa kuwa mali ya dabare haipitishwi bila ruhusa. Ofisi ya Nairobi ilishangaa na kumuuliza Ivy kwa nini watu wa Merti wanasoma sana lakini hawasambazi.

Tari, mwana wa Kabale, alipata mtu wa kubadilishana naye simu ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka. Kabale alikataa katakata.

"Nilimwambia hii simu haitoki," anaeleza. "Ndani iko na kitu ya mtu. Akija kuuliza, nitamwambia nimeuza?"

Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa Korbesa au Merti angelitarajia. Alijaza mtungi wa lita tano maziwa ya ngamia na kuupakia kwenye pikapu hadi Isiolo, salamu kwa mwenye kitabu.

Sadiya alimkabidhi Ivy. Ivy alifurahi, akapigwa picha ameukumbatia mtungi, na wiki hiyo picha ikatokea kwenye ukurasa wa kampuni pamoja na maneno "Wasomaji wetu wanatupenda!" Maziwa yenyewe aliyaacha dukani kwa Bw Githae, kwa sababu hanywi ya ngamia.

"Hapo ndio niliogopa," anasema Sadiya. "Nikaona huyu mwenye ng'ombe hajui hata yeye ni mwenye ng'ombe. Mtu kama huyo anaweza kuja saa yoyote."

*

Alikuja siku ya tisini na moja.

Kabale alikuwa amekaa ndani, mlango umefungwa, chai ya jioni imeisha. Muuguzi alikuwa ameshika jembe, anaanza kulichimba lile kaburi. Kabale aligusa kioo ili ageuze ukurasa. Badala ya ukurasa kikatokea kisanduku cha rangi ya machungwa kikimtaka alipe ili aendelee.

Kesho yake ulifika ujumbe: "Habari KABALE! Umebakisha kurasa 41 tu! Usiache hadithi njiani!"

Gazeti hili limeuona ujumbe huo kwenye simu yake. Uko pamoja na jumbe nyingine ishirini na nane za namna hiyo.

Kuchukuliwa kitabu hakukumshangaza. Alijua kuna siku. Kilichomkata maini ni ile hesabu ya kurasa.

"Nilikuwa nyumbani kwangu, nimefunga mlango," anasema kwa sauti ya chini, akitazama simu iliyolazwa kifudifudi juu ya meza. "Hakuna mtu. Nani alikuwa amekaa hapa akinihesabia kurasa?"

Kwa siku kadhaa aliifunika simu kwa kitambaa alipokuwa akibadilisha nguo. Jirani yake mmoja alivunja laini yake ya simu. Na wote, kwa kuwa hawakumjua mwingine wa kumuuliza, wakamuuliza Sadiya.

Kampuni ilijibu maswali ya gazeti hili kwa barua pepe ya mistari minne. Ilisema wasomaji wote walikubali masharti kabla ya kupakua na kwamba taarifa zao ziko salama. Tuliyasoma masharti hayo. Ni kurasa kumi na nne za Kiingereza, na muda wa siku tisini umetajwa kwenye ukurasa wa kumi na moja. Kwamba kitabu kitakuwa kikiripoti ulipofika, kumetajwa ukurasa wa kumi na tatu.

Ivy hakujitetea sana. "Mimi nilijua ni siku tisini," alisema. "Tuliambiwa tusiseme kuna mwisho. Tuseme ni msimu wa zawadi." Mkataba wake uliisha mwezi uliopita na haujaongezwa.

Mwandishi huyu hana ugomvi na mchapishaji anayetafuta wasomaji. Vitabu visiposomwa vinakufa, na kutoa kimoja bure ili mtu anunue cha pili ni biashara ya halali. Lakini anayemgawia mtu kitabu huku amejificha nyuma ya ukurasa akimchungulia, huyo anatafuta kitu kingine, na watu wa Merti walikitambua kabla ya wengi wetu wa mijini tuliobofya "nakubali" na kuendelea na maisha.

Sadiya alikwenda kumwomba Ivy, kabla hajaondoka, jambo moja tu. Kampuni iwaachie Merti nakala kumi za karatasi.

"Nilimwambia mwenye ng'ombe akiwa muungwana anaachanga ndama. Akasema atapeleka ombi."

Ombi halijajibiwa hadi leo.

Kinachomnyima raha zaidi ni zile shilingi ishirini. Alilipwa zote, kwa wakati. Anapozitaja anaangalia pembeni.

"Nimeuza majina ya watu wangu," anasema, "kila mmoja bei ya mandazi mbili."

*

Jumatano asubuhi, mwandishi huyu anamkuta Sadiya Merti, siku yake ya kwanza kurudi huko tangu kitabu kifungwe. Pikapu iliharibika Gotu na akalala njiani, lakini hajapumzika. Anaenda simu kwa simu, na daftari mkononi, akiwasaidia watu kusitisha zile jumbe. Ameshafikia arobaini na sita. Wapo wanaompokea kwa chai. Wapo wanaompa simu bila kumkaribisha kiti.

Kwa Kabale amechelewa kufika, na inaonekana aliahirisha kwa makusudi.

"Salaam aleikum, Mama Tari."

"Aleikum salaam. Umekuja."

"Nimekuja."

Kabale anamkaribisha, anamimina chai, anauliza habari za watoto, za Gollo na za mvua Isiolo. Hakuna anayetaja kitabu. Chai inapokaribia kwisha, Sadiya anafungua sanduku la bati na kutoa kitu kilichofungwa gazetini.

Ni ile riwaya ya muuguzi, ya karatasi, mpya. Gollo aliinunua Nairobi kwa shilingi mia nane na hamsini. Ni kitabu cha kwanza kipya ambacho Sadiya amewahi kununua maishani mwake, na kimesafiri kwenye kiti cha mbele cha lori, si nyuma na mbuzi.

Kabale anakinusa, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. Anafunua moja kwa moja hadi mwishoni, anatafuta kwa kidole, anamkuta muuguzi na jembe lake. Kisha anakifunga.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu," anasema Sadiya. "Mimi ndio mwenyewe."

"Na utarudi lini?"

"Ukimaliza."

Kabale anatikisa kichwa kukubali. Anavuta noti kutoka kwenye kibindo cha leso yake, Sadiya anaikataa. Badala yake anakifungua kitabu kwenye karatasi ya kwanza, nyeupe, isiyo na jina hata moja, na kumpa kalamu.

Kabale anaishika. Anaitazama karatasi kwa muda. Nje, mtu anapiga kelele lori lisogezwe.

Kisha anairudisha kalamu mezani, upande wa Sadiya.

"Kitabu nitasoma," anasema bila hasira. "Jina siandiki."

Sadiya hamsihi. Anairudisha kalamu mfukoni, anamshukuru kwa chai, na tunatoka. Amebakisha watu kumi na sita, na pikapu inaondoka saa nane.

Njiani anatembea haraka hadi tunapofika kwenye kivuli cha ukuta wa duka. Hapo anasimama na kujifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Hata mimi singeandika," anasema.

Ana mipango, na anaitaja kwa mpigo mmoja: sanduku la pili la bati, siku ya kukodisha Korbesa alikozaliwa, na nakala ya pili ya riwaya hiyo pesa zikipatikana. Lakini ukimuuliza anatumaini nini, hataji sanduku. Baada ya wiki tatu atarudi kwa Kabale, atakunywa chai, ataulizwa habari za watoto na za mvua. Hataangalia kama kitabu kimechafuka au kimepasuka.

"Nitafungua tu ile karatasi ya kwanza," anasema. "Kama bado ni nyeupe, nitamwachia tena."